Chozi na vichaka vya maua: somo la bustani



Katika somo hili la bustani tunaongea juu ya ndege mdogo ambaye kila mtu hapa Obokote amekwisha kumuona, na juu ya vichaka vya maua vyenye kumleta karibu na nyumba. Wengi kati yetu wanamuita kolibri. Jina hilo tumelipata ndani ya vitabu vya Kifaransa, tena ni jina zuri, lakini si lake. Kolibri hayuko Afrika hata mmoja. Kama mwanafunzi akiandika katika mtihani wa biolojia kwamba aliona kolibri juu ya mgomba wa mama yake, atapoteza pointi, na itakuwa haki.

Kolibri ni ndege wa Amerika peke yake, kutoka Alaska kule kaskazini mpaka mwisho wa bara lile kusini. Aina zao zinapita 350. Mdogo kuliko wote anakaa katika kisiwa cha Kuba, na uzito wake ni karibu gramu 2 tu. Ufundi wake mkubwa ni kusimama hewani. Mabawa yanapiga haraka sana, kwa wengine mara 50 na zaidi katika sekunde moja, mpaka macho hayawezi kuyafuata, na yeye anabaki pale pale mbele ya ua kama kitu kilichotundikwa kwa uzi. Anaweza hata kuruka kinyumanyuma.

Ndege wetu ni mwingine. Katika Kiswahili cha pwani anaitwa chozi, na Wafaransa wanamuita suimanga, jina lililotoka kisiwa cha Madagaska. Msimchanganye na chozi la macho: neno ni moja, vitu ni viwili. Tena hatuna lazima ya kwenda kutafuta jina mbali. Kikumu, Kilega, Kikusu na luga zingine za Maniema zimemjua ndege huyu mbele ya vitabu vyote. Muulizeni babu au nyanya nyumbani, mtaandika jina hilo kwenye daftari.

Jamaa ya chozi iko na aina zaidi ya 140. Wanakaa Afrika, Asia, mpaka Australia. Yuko hata katika nchi ya Biblia: chozi mweusi mwenye kumetameta anaonekana leo katika bustani za Yerusalemu. Upande wetu wa mashariki, juu ya milima ya Kivu, yuko mwingine ambaye mtaalamu James Chapin alimuandika mwaka wa 1932 akamuita kwa jina la Rockefeller. Huyo anapenda baridi ya milima, hatumngojei hapa. Hapa chini, katika joto la msitu, tunao wengine. Mmoja ana mgongo wa kijani na tumbo la manjano. Mwingine ana mgongo wa kijani na kifua chekundu kama kaa la moto. Uzito wao ni gramu 5 mpaka 10, ni kusema haupiti vijiko viwili vya chai vya sukari. Rangi hizo zenye kung'aa ni za dume. Jike wa aina nyingi amevaa rangi ya majani makavu, na mtu akiwaona wawili pamoja anafikiri ni ndege wa jamaa mbili. Kumbe ni bwana na bibi.

Sababu gani kolibri na chozi wanafanana, kama si ndugu? Sababu wanakula chakula kimoja. Wote wawili wanakunywa maji ya sukari yaliyo chini kabisa ndani ya ua, na kwa kazi hiyo kila mmoja amepata mdomo mrefu mwembamba na ulimi mrefu. Ni sawa na popo na mbayuwayu: wote wanaruka na kukamata wadudu hewani, lakini popo si ndege.

Tofauti yenye faida kwa mlimaji wa maua ni moja tu, na iko katika miguu. Kolibri anakunywa akisimama hewani. Chozi anaweza kufanya vile kwa muda kidogo, lakini hapendi, anachoka. Yeye anataka kukaa. Anashika kijiti kwa miguu, anainama, wakati mwingine anajitundika kichwa chini, ndipo anaingiza mdomo. Kwa hiyo mtu akisoma katika kitabu cha Amerika kwamba apande maua yenye kuning'inia mbali na matawi, ili kolibri ayafikie, ajue kwamba somo hilo si la kwetu. Hapa kwetu ua bila kiti ni chakula bila meza. Mkichagua kichaka, tazameni kwanza kama karibu na kila ua pako kijiti kigumu cha kutosha kubeba gramu 10.

Sasa tuone ua lenyewe. Ua linalongojea ndege linatambulikana. Kwa kawaida ni jekundu au la rangi ya chungwa, kwa maana ndege anaona wekundu vizuri sana, na nyuki haoni wekundu vile sisi tunavyouona. Tena umbo lake ni la mrija mrefu, na harufu yake ni ndogo au hakuna, kwa sababu ndege hafuati harufu. Maua meupe yenye kunukia usiku ni ya wadudu wa usiku. Hayo mpande kwa kujifurahisha, si kwa chozi. Wakati chozi anapokunywa, unga wa ua unashika juu ya paji lake au chini ya kidevu, naye anaupeleka kwa ua lingine. Hiyo ni malipo yake. Halipi akiwa na mdomo mfupi kuliko mrija: hapo anatoboa ua chini karibu na kikonyo na kuiba. Mkiona katundu kadogo chini ya ua la hibiskusi, mmeona kazi ya mwizi.

Hibiskusi ndiyo tunaanza nayo, kwa maana iko kwenye ua wa nyumba nyingi na haidai kitu. Ni ndugu wa ngai-ngai ya mboga. Tazameni ua la moja na la ingine mtaona sura ya jamaa. Chagueni ile ya ua moja jepesi lenye majani matano. Ile ya maua yenye kujaa tabaka nyingi kama rozi ni nzuri kwa macho, lakini ndege anahangaika kufikia ndani.

Iko pia hibiskusi ambayo Wafaransa wanasema inalala. Ua lake jekundu halifunguki kabisa, linabaki limejikunja kama mwavuli uliofungwa. Kichaka hiki asili yake ni Meksiko na nchi za jirani, na kule kolibri ndiye mwenyeji wake. Sasa kimepandwa katika nchi nyingi za joto, Afrika pia, na chozi amekirithi bila kuuliza mtu.

Safari ingine ilienda kinyume. Mnajua ule mmea mrefu unaosimama kando ya barabara na katika mashamba yaliyoachwa, shina lake la pembe nne, wenye mipira ya miiba midogo iliyopangwa mmoja juu ya mwingine kuzunguka shina, na katika kila mpira maua ya rangi ya chungwa? Katika vitabu unaitwa leonotisi, ni kusema kwa Kigiriki sikio la simba. Huo ni wa Afrika. Ulipelekwa Amerika, ukaenea huko, na leo kolibri wanakunywa ndani yake. Kwa shule ni mmea bora kuliko yote tunayoitaja. Si kichaka cha miaka mingi, lakini unapandwa kwa mbegu, unapita urefu wa mtu, na unatoa maua ndani ya miezi michache, ni kusema darasa linalopanda mwezi wa Septemba linaweza kuona ndege mbele ya kufunga mwaka. Tena kiti kiko tayari: chozi anakaa juu ya mpira wa chini, anakunywa wa juu. Shida yake ni mbili. Mipira mikavu inachoma vidole, na mbegu zinaanguka nyingi mno. Mkate vichwa mbele havijakauka, mkiacha viwili au vitatu kwa mbegu ya mwaka ujao.

Wako waliotuuliza juu ya ule mti mkubwa wa maua mekundu kama vikombe, ambao watoto wanaminya machipukizi yake yarushe maji. Ndiyo, chozi anaupenda sana, na ni mti wa Afrika, wa msitu wetu. Lakini ni mti, si kichaka, na mbao zake ni laini; tawi likivunjika na upepo juu ya mabati ya darasa tutajua. Uache kule ulipo. Erithrina vile vile ni mti, ule wa miiba wenye kupoteza majani na kuvaa maua mekundu, lakini huo unavumilia kukatwa na unakubali kuwa ukuta. Tawi la unene wa mkono likisimikwa katika ardhi linachipuka. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi ni sumu. Wasichana wanazitunga shanga, na hiyo si mbaya, ila zisifike kwa watoto wadogo ambao kila kitu wanatia kinywani.

Lantana tunaikataa. Ni kweli iko na maua mazuri, na chozi hafiki pale kwa bahati. Lakini inakimbia. Leo kichaka kimoja, kesho iko katika shamba la jirani, na miiba yake mtu ang'oe namna gani? Majani yake yanawadhuru mbuzi na ng'ombe wakiyala. Uzuri wa ndege haulipi deni hilo.

Tusisahau mgomba na mpapai. Kila asubuhi chozi anapita chini ya mkungu, pale ua la zambarau linapofungua jani, na mpapai dume ambao baba anataka kuukata kwa sababu hauzai uko na maua ambayo ndege huyu anayajua. Ni kusema kwenye parseli nyingi karamu imekwisha anza mbele ya kupanda kitu.

Liko jambo lingine juu ya miti ya matunda. Kuna mmea mdogo unaokaa juu ya mchungwa au mwavoka bila kugusa ardhi, majani yake si ya mti ule, na unanyonya maji ya mwenye nyumba. Maua yake ni vimirija vyembamba vilivyofungwa. Katika aina nyingi za mmea huu ua halifunguki lenyewe: chozi analigusa kwa ncha ya mdomo, nalo linapasuka ghafula na kummwagia unga usoni. Bila ndege mlango haufunguliwi. Juu ya mchungwa mnaoutegemea kwa matunda, kateni mmea huo, kwa maana unaumiza mti. Juu ya mti wa porini, uacheni.

Kupanda si kazi ngumu kwa mtu aliyepanda muhogo. Hibiskusi zote mbili zinashika kwa vijiti. Chukueni tawi ambalo si bichi kabisa wala halijazeeka, unene wa kalamu, urefu wa sentimeta 20. Mkate chini kidogo ya kifundo, kwa kisu kikali, si kwa kuvunja. Ondoeni majani yote isipokuwa mawili ya juu, na hayo mkayakate nusu, kwa maana jani kubwa linakausha kijiti kisicho na mizizi. Mchanganye udongo na mchanga wa mto, mwingize kijiti nusu yake, kikiinama kidogo, katika kivuli. Kikopo kilichotobolewa chini kinatosha. Maji asubuhi, si matope. Baada ya majuma manne mpaka sita vuteni polepole; kikikataa kutoka kimeshika.

Mwezi wa Juni na wa Julai, wakati mvua inapungua, si wakati wa kupeleka mche shambani, labda mtu akubali kubeba maji kila siku. Tengenezeni vijiti wakati huo katika kivuli, na mwezi wa Septemba, mvua ikishika, mwipande. Shimo la sentimeta 40, na ndani yake samadi ya mbuzi iliyoiva pamoja na majani yaliyooza. Kutoka kichaka mpaka kichaka meta moja na nusu. Hibiskusi inatoa maua juu ya matawi mapya, kwa hiyo msiogope kuikata. Isiyokatwa inakuwa ndefu na maua yanakuwa machache kule juu.

Tunafika sasa kwenye mambo ambayo yanaleta mabishano katika shule.

Maji ya maua peke yake hayalishi mtoto wa chozi. Sukari inatoa nguvu, lakini mwili unajengwa na nyama, na nyama ya chozi ni wadudu na buibui. Mama anawalisha watoto wake wadudu wadogo siku nzima. Tena utando wa buibui ndio kamba yake. Kiota chake ni kifuko kidogo kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, mlango uko kando na juu yake mara nyingi pako kibaraza cha kukinga mvua; nyasi, majani makavu na nyuzi, vyote vimefungwa kwa utando. Ndani mayai mawili, mara nyingine moja au matatu. Mtu akipiga dawa ya wadudu juu ya vichaka vyote, akafagia kila utando wa buibui mpaka kwenye ua la nje, amepanda hoteli na kufunga jikoni. Utando wa darasani mwondoe, ndiyo usafi. Ule wa kichakani uko na mwenyewe.

Ya pili ni salongo. Tunajua kwa nini uwanja unakwatuliwa mpaka udongo mtupu: nyoka. Sababu hiyo si ya kucheka katika sehemu yetu, na hatuombi mtu aache majani marefu karibu na mabweni. Lakini kichaka cha maua si pori. Nyoka anajificha pale chini palipofungana, penye majani makavu na mawe. Kichaka kilichoinuliwa, ambacho matawi yote ya chini yamekatwa mpaka urefu wa goti, na chini yake pamefagiwa, mtu anaona mpaka upande wa pili. Kipandwe meta tano mbali na ukuta na njia ya usiku. Hapo mwenye kuogopa nyoka na mwenye kupenda ndege wote wanapata haki yao. Shida ya salongo ni panga katika mkono wa mtu ambaye hakuambiwa. Anakata leonotisi kama majani, kazi ya miezi mitatu inaisha katika dakika moja, naye anasifiwa kwa bidii. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila mche usimikwe fimbo mbili zenye kufungwa kitambaa, na mbele ya kuanza kazi mkubwa wa kikundi azitembelee na wote wenye panga.

Ya tatu ni manati. Tunajua mikono ya vijana. Kwa njiwa mtu anaweza kusema alitafuta mboga. Kwa chozi atasema nini? Akimtoa manyoya hapabaki kitu cha kujaza kijiko. Na kama ni jike aliyepigwa, ndani ya kile kifuko wanabaki wawili wenye kufungua vinywa, kwa maana kukalia mayai ni kazi yake peke yake, na mayai yanadai karibu majuma mawili. Katika Matayo sura ya 6 Bwana wetu alipowafundisha watu wenye wasiwasi aliwaonyesha ndege na maua, vyote viwili katika somo moja. Hatuoni namna ya kusoma sura hiyo asubuhi kanisani na kutia jiwe katika mpira mchana.

Chupa za maji ya sukari, ambazo watu wa Amerika wanatundika kwa kolibri, hatuwashauri. Sukari ni ya chai. Tena maji hayo yanachacha upesi katika joto letu, na sisimizi wanafika mbele ya ndege. Ua linajijaza lenyewe bila bei.

Kazi ya kufanya nyumbani. Kila mwanafunzi achague kichaka kimoja au mgomba mmoja wenye ua. Akae mbali kwa hatua nane, bila kelele, dakika 15 asubuhi mbele ya kuingia darasani, na dakika 15 saa tisa mchana, kwa siku tatu. Aandike mara ngapi chozi alifika, kama alikuwa dume au jike, kama alikaa au alisimama hewani, na kama aliingiza mdomo kwa mlango wa ua au alitoboa kando. Siku ya mvua aandike mvua. Chini ya karatasi aandike jina la ndege huyu katika luga ya nyumbani kwake, pamoja na kijiji alikopata jina hilo. Karatasi zipelekwe kwa mwalimu wa biolojia. Wanaotaka vijiti vya hibiskusi inayolala walete kikopo na mchanga wao wenyewe, Jumamosi baada ya salongo.